MPIRA WA MKOJO NA HITILAFU ZAKE: FUNZO KUTOKA MANDEWA, SINGIDA

(Matini ya mazungumzo kwa wananchi juu ya utunzaji wa wagonjwa wanaokaa na mpira wa mkojo majumbani)





Miongoni mwa maradhi ambayo watu huona haya kuyataja, maradhi ya njia ya mkojo yana nafasi ya mbele. Mzee anapofungwa na mkojo huvumilia siku nzima kabla ya kumwambia hata mwanawe wa kumzaa. Akishatiwa mpira hospitalini hurejea nyumbani ameufunika kwa kanzu au shuka, akitaraji kwamba hapana atakayemwuliza. Haya ni sehemu ya heshima, na heshima ni jambo jema. Hata hivyo chombo kilichomo ndani ya mwili wa mtu, kinachofanya kazi usiku na mchana, hakiwezi kutunzwa kwa kufichwa. Kinatunzwa kwa kujulikana.

Mazungumzo haya yanahusu chombo hicho, yaani mpira wa mkojo, ambao kwa lugha ya hospitali huitwa katheta. Hayahusu ugonjwa uliosababisha mpira utiwe. Yanahusu hitilafu za mpira wenyewe: kujikunja, kuziba, kuvuja, kuvutwa, na puto lake kukataa kupungua. Hitilafu hizi ni za namna ile ile ya bomba lolote la maji, na nyingi katika hizo huweza kuzuiliwa na mtu asiyekuwa daktari, iwapo ameelezwa. Zisipozuiliwa huweza kumpotezea mgonjwa figo, au maisha yake.

CHOMBO CHENYEWE

Kutoa mkojo kwa mrija si jambo jipya. Tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alieleza katika kitabu chake cha tiba matumizi ya mrija mwembamba wa fedha kwa mtu aliyefungwa na mkojo. Ibn Sina naye aliandika juu ya mirija iliyo laini zaidi. Lakini mirija ya zamani haikuweza kukaa yenyewe ndani ya kibofu. Ilibidi ifungwe kwa uzi au ishikwe. Katika karne ya 19 mpira uliochemshwa na salfa ulipopatikana, mirija ikawa laini, ila tatizo la kukaa mahali pake likabaki.

Aliyelitatua ni daktari wa Marekani, Frederic Foley, katika miaka ya 1930. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi dume, kwa kutumia puto dogo lililo katika ncha ya mrija. Puto hilo likawa ndilo linalouzuia mpira usitoke. Muundo huo, pamoja na mabadiliko machache, ndio unaotumika hadi leo, na jina la daktari huyo bado linatajwa kila siku katika wadi.

Mpira huo una njia mbili ndani yake. Njia kubwa hupitisha mkojo kutoka kwenye kibofu hadi kwenye mfuko. Njia ndogo, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, hupeleka maji kwenye puto. Kwa nje njia hizo hugawanyika mithili ya panda: tawi moja huunganishwa na mfuko, na tawi la pili lina vali yenye rangi. Unene wa mpira hupimwa kwa kipimo kilichowekwa na Charrière, fundi wa vyombo vya upasuaji wa mjini Paris, ambacho kila namba 1 ni sawa na theluthi moja ya milimita. Hivyo namba 12 ni milimita 4 na namba 18 ni milimita 6. Rangi ya vali hutaja namba: nyeupe ni 12, kijani ni 14, rangi ya chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Hata asiyejua kusoma aweza kukumbuka rangi ya mpira wake, na kumwambia muuguzi.

KWA NINI MANDEWA

Mandewa ni kata katika Manispaa ya Singida, katikati ya Tanzania Bara. Huko ndiko yalikojengwa majengo mapya ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Mkoa huo ni mpana na mkavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, na kwa kawaida hazizidi milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Wananchi wake hulima alizeti, mtama na uwele, na hufuga. Wagonjwa hufika Mandewa kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Wengine wameanzia katika zahanati ya kijiji, wengine katika hospitali za wilaya na za misheni. Mwenye kuhitaji matibabu makubwa zaidi huweza kupelekwa Dodoma, mwendo wa karibu kilomita 240, au mbali zaidi.

Mji huo umechaguliwa katika mazungumzo haya kwa kuwa hali yake inafanana na ya visiwani kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu anayetegemea mashua, na mgonjwa wa kijiji cha Mkalama anayetegemea basi moja la alfajiri, wote wawili wako katika hali moja: mpira ukiziba saa nne za usiku, msaada ni wa asubuhi. Isitoshe, jua na ukavu wa Singida humfanya mtu atoke jasho na kunywa kidogo, mkojo ukawa mzito. Na visiwani nako mvuvi au mkulima wa karafuu hushinda juani vivyo hivyo.

Mtu mzima mwenye kunywa vya kutosha hutoa mkojo wa takriban lita moja na nusu kwa siku, yaani wastani wa mililita 60 kwa saa. Kibofu huanza kuuma kinapofikia mililita 400 hadi 500. Hesabu ni nyepesi: mpira uliozibwa tangu sala ya isha utakuwa umeleta maumivu makali kabla ya alfajiri. Baada ya hapo mkojo hurudi nyuma kuelekea kwenye figo, na vijidudu vilivyomo huweza kuingia katika damu. Ndiyo maana elimu ya nyumbani ina thamani kubwa zaidi kwa aliye mbali na hospitali.

MPIRA USIOTOA MKOJO

Mfuko ukiwa mkavu kwa saa mbili au tatu, na mgonjwa amekunywa maji, jambo la kwanza ni kutazama, si kuhofu. Mara nyingi sababu iko nje ya mwili na inaonekana kwa macho. Mrija umejikunja chini ya paja. Mgonjwa ameulalia. Kamba ya msuli au ukosi wa suruali umeubana. Mfuko umejaa hadi juu, na mkojo hauna pa kwenda. Au mfuko umewekwa juu ya kitanda, sawa na kibofu au juu yake, na maji hayapandi mlima.

Kanuni ya mfuko ni moja: uwe chini ya kibofu wakati wote, wala usiguse sakafu. Umwagwe unapofika nusu au theluthi mbili, kwani mfuko wa lita 2 ukijaa una uzito wa kilo 2, na kilo hizo zote zinaning'inia kwenye mwili wa mgonjwa. Katika safari ya pikipiki, gari au mashua, mfuko haubebwi begani wala haupakatwi mapajani. Hufungwa mguuni chini ya kiuno, nao humwagwa kabla ya kuondoka.

Sababu ya pili ni choo kigumu. Utumbo uliojaa hukandamiza mrija na kibofu. Watu wengi hustaajabu kusikia kwamba mpira uliogoma kwa siku mbili ulianza kupitisha mkojo baada ya mgonjwa kupata choo. Maji, matunda, mboga na kunyoosha miguu ni sehemu ya matunzo ya mpira.

Sababu ya tatu iko ndani ya mrija wenyewe. Mpira uliokaa muda mrefu huingiwa na vijidudu. Baada ya mwezi mmoja, takriban kila mwenye mpira huwa navyo katika mkojo. Kimoja kati ya hivyo, kiitwacho Proteus mirabilis, huvunja dutu iliyomo katika mkojo na kuzalisha amonia. Mkojo hupoteza ukali wake, na madini yaliyoyeyuka humo huganda katika ukuta wa mrija. Kinachotokea ni kile kile kinachoonekana ndani ya birika la chai lililochemshia maji ya kisima kwa miezi mingi: chokaa. Tundu la mpira ni dogo sana kuliko birika, na siku moja hujifunga. Takriban nusu ya watu wanaokaa na mpira kwa muda mrefu hupatwa na tatizo hili wakati mmoja au mwingine.

Mpira uliofungwa na chokaa hauzibuliwi kwa kusukuma maji kwa nguvu, wala kwa kuingiza unyasi, waya au kitu chochote. Hubadilishwa. Na mgonjwa ambaye mpira wake umeziba mara mbili au tatu ana kawaida yake: kama huziba katika wiki ya nne, basi wake wabadilishwe katika wiki ya tatu. Kujua kawaida hiyo ni kazi ya mgonjwa na muuguzi kwa pamoja, na haiwezekani pasipo kuandika tarehe.

Sababu ya nne ni damu iliyoganda, hasa baada ya upasuaji. Mkojo ukiwa mwekundu wenye vipande, kisha ukasita, hapana la kungoja nyumbani. Safari ya hospitali ianze mara moja.

MKOJO UNAOPITA PEMBENI

Wagonjwa wengi hulalamika kwamba mpira unavuja, yaani mkojo unapita pembeni mwa mrija na kulowesha nguo. Jawabu linaloombwa kila mara ni mpira mnene zaidi. Jawabu hilo kwa kawaida si sahihi. Mpira mnene hukera zaidi, hubana mishipa midogo ya njia ya mkojo, na huongeza uvujaji badala ya kuupunguza.

Mkojo hupita pembeni kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza, njia yake halali imefungwa, kwa hiyo yafaa kurudia uchunguzi uliotajwa juu: mkunjo, mfuko, choo, chokaa. Ya pili, kibofu chenyewe hukamaa kwa kukataa kitu kigeni, na kila kinapokamaa husukuma mkojo nje. Mgonjwa huhisi maumivu ya ghafla chini ya kitovu na hamu kubwa ya kukojoa, kisha hulowa. Hapo dawa ya kutuliza kibofu yaweza kuandikwa na daktari, na mara nyingine puto dogo na mpira mwembamba ndio tiba. Kwa mtu mzima, namba 12 hadi 16 inatosha kwa mkojo wa kawaida. Namba kubwa zaidi ni za damu na upasuaji.

PUTO

Puto ndilo linaloushikilia mpira, nalo ndilo chanzo cha hitilafu za kutisha zaidi. Ni vyema kila anayeutumia ajue mambo manne.

Kwanza, kipimo. Mpira wa kawaida una puto la mililita 10, na kipimo hicho kimechapwa kando ya vali. Lisijazwe pungufu wala kuzidi. Puto lililojazwa nusu huegemea upande mmoja na kukwaruza kibofu. Lililozidishwa huweza kupasuka, na vipande vyake vikabaki ndani vikawa kiini cha kijiwe.

Pili, kinachojazwa. Ni maji safi yaliyotakaswa. Maji ya chumvi huacha fuwele katika njia ile nyembamba, na siku ya kutoa mpira njia huwa imeziba. Hewa nayo hulifanya puto lielee, ncha ya mrija ikawa juu ya mkojo badala ya kuwa ndani yake.

Tatu, mahali pa kujazia. Puto lijazwe likiwa ndani ya kibofu tu. Njia ya mwanamume ni ndefu na ina kona. Mkojo waweza kuonekana hali puto bado liko njiani. Kwa hiyo mpira husukumwa hadi kwenye panda yake, mkojo uonekane, ndipo maji yatiwe polepole. Mgonjwa akipiga ukelele wa maumivu wakati wa kujaza, kazi isimame na maji yarudishwe. Ukelele huo ni habari, wala si ukosefu wa subira. Puto linapojazwa njiani huchana nyama, damu hutoka, na kovu linalofuata huweza kuibana njia ya mkojo kwa maisha yake yote.

Nne, kupunguza. Siku ya kutoa mpira, bomba la sindano huunganishwa na vali na kuachwa. Maji hurudi yenyewe kwa msukumo wa puto. Kuvuta kwa pupa hufanya njia ile nyembamba ishikane, na maji yakawa hayatoki tena. Yasiporudi, bomba libadilishwe na likazwe vizuri, mgonjwa ageuzwe ubavu, na mhudumu aliyefundishwa aweza kuongeza mililita 1 au 2 ili kuizibua njia kisha akangoja. Hilo lisipofaa, mgonjwa apelekwe hospitali, ambako puto huweza kufikiwa kwa waya mwembamba, au kutobolewa kwa sindano chini ya uongozi wa mashine ya picha za mawimbi ya sauti.

Yasiyofaa kabisa ni haya: kuvuta mpira na puto lake limejaa, kulipasua puto kwa kulijaza kupita kiasi, kutia kemikali, na kuukata mrija kwa wembe nyumbani. Watu hukata wakidhani maji yatamwagika na mpira utoke. Mara nyingine njia huwa imeziba juu ya mahali palipokatwa, puto likabaki limejaa, na kipande kilichosalia kikateleza na kuzama ndani. Kilichokuwa kazi ya dakika kumi kikawa upasuaji.

MPIRA UNAOVUTWA

Hitilafu nyingine huja pole pole. Mpira usiofungwa kwenye paja au tumboni huvutwa kila mgonjwa anapogeuka, anapopanda ngazi, anapoinuka kusali. Baada ya wiki nyingi uzito huo huikata ngozi laini ya ncha ya uume na kuipasua kwa chini, na kwa mwanamke huipanua njia hadi puto likapita lenyewe. Majeraha hayo hayarudi yalivyokuwa. Kinga yake ni kipande cha plasta au kitambaa laini kilichofungwa pajani, huku mrija ukiachiwa nafasi ya kutembea kidogo, na kuhamishwa mguu kwa mguu.

Mgonjwa ambaye hakutahiriwa, govi lirudishwe mahali pake kila baada ya kusafishwa, kwani likiachwa nyuma huvimba na kukaba. Usafi wenyewe ni maji na sabuni ya kawaida kila siku, mikono ikioshwa kabla na baada. Dawa kali za kuulia vijidudu hazina haja. Vile vile mafuta ya mgando na mafuta ya nazi yasipakwe kwenye mpira wa asili, kwa kuwa mafuta huula mpira wa namna hiyo na kulidhoofisha puto.

Mzee aliyechanganyikiwa huweza kuung'oa mpira wenyewe usiku. Ukitoka na puto lake, damu itaonekana. Afunikwe, atulizwe, apelekwe hospitali, na mpira uliotoka uchukuliwe vile vile ulivyo. Daktari ataukagua kujua kama puto ni zima au kuna kipande kilichobaki.

Wako pia wagonjwa ambao mpira wao umepitishwa tumboni, chini ya kitovu, kwa kuwa njia ya kawaida imebanwa na kovu. Huo ukitoka, tundu lake huanza kujifunga ndani ya saa chache. Safari haingoji asubuhi ikiwa kuna uwezekano wowote wa kuondoka usiku.

WENYE HATARI KUBWA ZAIDI

Watu wa aina mbili wanastahili kutajwa peke yao.

Wa kwanza ni mama aliyefanyiwa upasuaji wa fistula ya uzazi, yaani tundu lililotokea kati ya kibofu na njia ya uzazi baada ya uchungu wa muda mrefu. Hospitali kadhaa za Tanzania hufanya upasuaji huu, zikiwamo CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Na tangu mwaka 2009 CCBRT ilianza kutumia simu za mkononi kutuma nauli ili kina mama wa mbali waweze kufika. Baada ya kushonwa, kibofu lazima kikae kitupu ili mshono ushike. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, kwa fistula isiyo ngumu, mpira ukae siku 7 hadi 10. Katika siku hizo, mpira uliojikunja kwa usiku mmoja tu huweza kukijaza kibofu na kuupasua mshono. Mama aliyenyanyapaliwa kwa miaka, akapata tiba, asiipoteze kwa sababu ya mrija uliolaliwa. Anayemkalia kitandani autazame mfuko wake kila saa, kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa.

Wa pili ni aliyevunjika uti wa mgongo kwa juu, awe ameanguka kutoka kwenye mkarafuu, mnazi, au katika ajali ya barabarani. Mtu huyo huenda asisikie maumivu ya kibofu kilichojaa. Badala yake kichwa humgonga, uso humwiva, jasho humtoka juu ya mahali palipoumia, na shinikizo la damu hupanda ghafla hadi kuweza kupasua mshipa wa kichwani. Kwa mgonjwa huyo kuumwa kichwa si jambo la kutafutiwa panadoli. Akalishwe kitako, nguo zilegezwe, na mpira utazamwe kwanza kama umejikunja au umeziba; kisha msaada utafutwe kwa haraka.

MAMBO MATATU YA KUANDIKWA

Katika yote yaliyotangulia, mengi huharibika pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine: kutoka hospitali ya rufaa kwenda kituo cha afya, kutoka kituo kwenda nyumbani. Aliyeutia mpira anajua. Anayetakiwa kuutoa hajui. Muuguzi wa zahanati anakuta mrija umefifia maandishi, hafahamu puto lina mililita 10 au 30, wala kama mpira ni wa asili au wa silikoni.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mpira wa asili usiopakwa kitu ni wa siku chache tu, hadi wiki 2 hivi. Uliopakwa tabaka la kinga hukaa hadi wiki 4. Wa silikoni tupu huweza kukaa hadi wiki 12 kama hauzibi mapema. Yupo mzee anayesubiri zamu ya upasuaji wa tezi dume, nauli ikachelewa, mavuno yakachelewa, na mpira wa wiki 4 ukakaa miezi 6. Mpira uliosahaulika huota kijiwe kuzunguka puto lake, na kuutoa huwa kazi ya chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo kila mgonjwa anayetoka na mpira hana budi kupewa karatasi yenye mambo matatu: tarehe ya kutiwa, namba na aina ya mpira, na kiasi cha maji kilichomo katika puto. Chini yake iandikwe tarehe ya kubadilisha. Kalamu na kipande cha daftari la skuli vinatosha. Jambo hili halingoji bajeti. Mgonjwa asiyepewa ana haki ya kuomba, na jamaa yake asione kwamba kuomba ni utovu wa adabu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mgonjwa anywe maji ya kutosha, mkojo uwe wa rangi nyepesi, isipokuwa daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Anayetaka kufunga Ramadhani naye amwulize daktari wake mapema, kwa kuwa mkojo mzito huharakisha chokaa. Asimeze dawa za kuua vijidudu kwa sababu tu mkojo una harufu au umepimwa ukaonekana na vijidudu. Dawa ni kwa mwenye homa, baridi, au maumivu ya mgongo na tumbo.

Anayemuuguza autazame mfuko kabla ya kulala na anapoamka. Ajue njia ya mrija kutoka mwilini hadi mfukoni, asione haya kuinua shuka la baba yake kwa kumnusuru.

Muuguzi aeleze kwa maneno yanayofahamika, mbele ya yule hasa atakayekaa na mgonjwa nyumbani, amwonyeshe kwa mkono na amtake arejee mbele yake. Kila siku mgonjwa anapokuwa wadini aulizwe pia swali dogo: je, mpira huu bado unahitajika? Mpira uliotolewa kwa wakati hauzibi wala hauvuji.

Sheha na viongozi wa mitaa wajue ni nani katika shehia yao anaishi na mpira, si kwa kumtangaza, bali ili usiku ukimfika chombo cha kumpeleka kipatikane.

Ishara za kuondoka nyumbani mara moja ni hizi: mfuko mkavu pamoja na maumivu ya tumbo la chini, damu nyingi au vipande vya damu, homa na kutetemeka, mpira uliotoka, na puto lisilopungua. Kwa dalili hizo hapana mganga wa kungojwa, wala hapana haya ya kutangulizwa.

Mkoa wa Singida na visiwa hivi vimetenganishwa na bara pana na bahari. Lakini mzee anayeketi chini ya mti Mandewa akisubiri kubadilishiwa mpira, na mzee anayeketi barazani Wete akisubiri jambo lile lile, wanahitaji kitu kimoja: mtu aliye karibu, anayejua mrija unapita wapi na karatasi imeandikwa nini.